Kariakoo: Kutoka Kambi ya Wapagazi hadi Mtaa wa Majirani

Watu wengi wakisikia neno utamaduni, fikira zao hukimbilia ngoma, mavazi ya mababu na vyombo vinavyowekwa katika nyumba za makumbusho. Hatuwalaumu, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Hata hivyo nyumba nayo ni utamaduni. Jinsi watu wanavyogawana ua, wanavyopangana zamu ya kufagia, wanavyopokea mgeni na wanavyozika maiti wa mtu asiye na ndugu mjini, mambo hayo ni sehemu ya historia ya taifa letu kama zilivyo vita na mikataba. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mtaa mmoja tu, nao ni Kariakoo ya Dar es Salaam.

Pengine msomaji atashangaa kwamba habari za Kariakoo zinaandikwa na mtu wa Titye. Sisi tulizaliwa huko, katika nyanda za juu za Kasulu, mbali na bahari kiasi cha mtu kuzeeka bila ya kuiona. Lakini yeye anayejua desturi za nyumba za Buha ndiye anayeweza kuyaona vyema maajabu ya nyumba ya Kariakoo. Kwetu zamani mji wa mtu ulisimama peke yake, katikati ya migomba yake, nao mgomba ulikuwa kama hati ya kumilikia ardhi. Nyumba yenyewe, ambayo sisi Waha huiita inzu, ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Jirani alikuwa ni mtu wa kuitwa kwa sauti kubwa kutoka mlima wa pili. Mtu aliweza kugombana na jirani mwaka mzima na asidhurike sana, kwani baina yao palikuwa na shamba, kijito na mteremko.

Baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika, wakapangwa katika vijiji, nyumba kwa mistari kando ya barabara. Tulikuwa wadogo mno wakati huo, na tunayoyajua tumeyapata kwa wazee wetu. Wao hawakulalamikia sana kazi ya kujenga upya, maana inzu ilikuwa haidumu miaka mingi hata hivyo. Walichokilalamikia ni migomba iliyoachwa nyuma, na jambo jingine ambalo hawakuwa na jina lake: kulala usiku huku ukisikia kikohozi cha mtu asiye wa ukoo wako. Basi ugeni huo walioukuta wazee wetu mwaka 1972, watu wa Kariakoo walikuwa wameukuta zaidi ya nusu karne mapema, tena pasipo kushauriwa na mtu.

Kama inavyofahamika, Dar es Salaam ilianzishwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alipofariki mwaka 1870 kazi ya ujenzi ilizorota, na mji ukabaki magofu na minazi hadi Wajerumani walipokuja na kuufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891. Mwaka huo huo wakatoa sheria ya ujenzi. Sheria hiyo haikusema waziwazi kwamba huyu akae hapa na yule akae pale kwa sababu ya rangi yake. Ilisema juu ya vifaa tu: upande wa baharini zijengwe nyumba za namna ya Ulaya, nyuma yake nyumba za mawe, na nyuma zaidi ndiyo ziruhusiwe nyumba za miti na udongo. Lakini katika nchi ambayo serikali ndiyo iliyoamua nani apate mshahara gani, kutaja vifaa kulitosha. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vile vitatu ambavyo kila mji wa Tanganyika ulivijua: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walianza kupima eneo jipya la Waafrika magharibi ya mji, kwa mitaa iliyonyoka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Masimulizi ya soko lenyewe yaeleza kwamba walijenga pia jengo kubwa kwa ajili ya sherehe za Kaisari wao, na vita vikalikuta jengo hilo kabla halijatumika kwa kazi yake. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji. Eneo lile lenye nafasi kubwa likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikalifanyia kazi jina hilo, likatoka Kariakoo. Nairobi nako ndimi za huko zikatoa Kariokor. Ni jina moja na msiba mmoja.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani walimu wengi wakifundisha habari za vita ile huwataja majemadari na kuwasahau wachukuzi. Vita katika Afrika ya Mashariki vilipiganwa mahali ambapo hapakuwa na barabara za magari, na mbung'o waliua farasi na punda kwa maelfu. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na hata mizinga vilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Huko kwetu Buha, walioingia mwaka 1916 walikuwa Wabelgiji kutoka Kongo, nao vilevile hawakutembea na mizigo yao mikononi. Hesabu za serikali ya Uingereza yenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 katika vikosi vyake, na wanahistoria wengi huona kuwa hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara damu na homa.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya mji, pale ambapo zamani ilisimama sanamu ya Mjerumani Wissmann. Aliyewekwa juu yake ni askari mwenye bunduki. Mpagazi alibaki na mtaa. Hata hivyo mtaa huo unakumbuka mengi kuliko shaba. Mwanafunzi atakayetembea Kariakoo na kusoma vibao vya njia ataona Mtaa wa Mahiwa, Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Tandamti. Majina hayo ni ya mahali kusini mwa nchi yetu palipopiganwa mapigano makali mwaka 1917. Leo watu hushuka hapo kununua vitenge na vyombo vya plastiki, na pengine si mmoja katika elfu anayejua kwamba anakanyaga orodha ya makaburi. Tungependa mwalimu wa historia wa Dar es Salaam awapeleke wanafunzi wake wakasome vibao hivyo kabla ya kusoma kitabu.

Baada ya vita, kambi ikavunjwa na viwanja vikagawiwa. Jengo kubwa likafanywa soko mwaka 1923. Waingereza hawakuifuta ile sheria ya Wajerumani ya kugawa mji kwa vifaa, bali waliipa vazi jingine tu. Baina ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, ule wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya, ati mbu na tauni visivuke. Binadamu ndiye aliyezuiwa, mbu hakusoma tangazo. Zaidi ya hayo, mwenye kiwanja Kariakoo alipewa haki ya muda mfupi tu, hivyo hakuwa na moyo wa kujenga kwa mawe, na hata angetaka, asingepata mkopo kwa hati kama hiyo. Kisha wakubwa wale wale waliokataa kumpa hati ndefu waliandika katika taarifa zao kwamba Mwafrika hapendi nyumba ya kudumu.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, kwa maana hapo ndipo palipo kiini cha maneno yetu. Nyumba ya Kariakoo, ambayo wengi huiita nyumba ya Kiswahili, ilikuwa na mpango mmoja uliorudiwa mtaa hadi mtaa. Mbele ni baraza ya udongo au saruji. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mwembamba unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma, na kila upande wa ukumbi vyumba vitatu. Nyuma ni ua uliozungushiwa, wenye jiko, choo, mahali pa kuogea na pengine banda moja au mawili ya kupangisha. Kuta zilikuwa za boriti za mikoko na fito, zikakandikwa udongo na kupakwa chokaa. Paa mwanzo lilikuwa la makuti, kisha likaja la madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa na kunyoshwa, na mwisho la bati. Mtu aliyesafiri kwa ndege katika miaka ya 1950 angeweza kusoma mfuko wa kila mwenye nyumba kwa rangi ya paa lake.

Nyumba hiyo haikubuniwa na ofisi yoyote. Ilitokana na nyumba za pwani, ikakutana na kiwanja cha mstatili kilichopimwa na mkoloni, ikajifunza kukaa humo. Uzuri wake ulikuwa ni kwamba ilijilipia gharama. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyosalia, kila chumba kwa mpangaji wake. Mtu aliweza kuanza na vyumba viwili, akaongeza kimoja kimoja kadiri alivyopata fedha. Na si wanaume peke yao waliofanya hivyo. Wanawake wengi wa mjini, wajane, waliopewa talaka, na waliokuwa wakiuza maandazi na pombe, walijenga au kununua nyumba zao wenyewe. Kwa mwanamke ambaye asingerithi shamba kwao, nyumba ya vyumba sita ilikuwa uzee wake, mazishi yake na heshima yake. Tukizungumza juu ya ukombozi wa mwanamke wa Tanzania, haifai tuanze na semina.

Ndani ya nyumba hiyo watu wa makabila yote walikutana. Mzaramo alikuwa ndiye mwenyeji. Mnyamwezi alikuja kwa njia ya misafara na baadaye kwa reli. Mmanyema, ambaye wazee wake walitoka Kongo na kutua Ujiji katika siku za misafara ya pembe na watumwa, alikuwa na jamaa kuanzia Kigoma mpaka pwani. Walikuwapo Wangoni, Wayao, Wamakonde, Wangazija, Waarabu wenye maduka ya pembeni, Wahindi waliouza vitambaa na mafuta ya taa. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mlango wa Buha nao ulifunguka. Waha waliopelekwa kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro kama manamba, mkataba ulipokwisha, baadhi yao hawakupanda treni ya kurudi mwisho wa reli. Waliteremkia Dar es Salaam, wakauliza alipo mtu wa kwao, wakaonyeshwa mlango.

Yafaa tueleze ni kwa njia gani watu hao, wasiokuwa na ukoo mmoja wala dini moja, waliweza kulala chini ya paa moja. Jibu la haraka ni Kiswahili, nalo ni jibu la kweli, ila halitoshi. Maana lugha inaweza kutumika kutukanana pia. Tunaona kulikuwa na mambo mengine. Utani ulikuwa mojawapo. Mzaramo na Mnyamwezi walikuwa watani, na mtani alikuwa na haki zisizokuwa za rafiki: aliweza kukunyang'anya kofia, kukucheka katika msiba wako, na kisha yeye ndiye aliyeshika jembe la kuchimba kaburi. Katika mji ambao mtu aliweza kufa hana ndugu hata mmoja ndani ya siku tatu za safari, mtani alikuwa ndugu wa akiba. Vyama vya makabila navyo vilichanga fedha za sanda na za nauli. Sisi twaona kwamba vyama hivyo, ambavyo baadaye vilitazamwa kwa mashaka kuwa vinaleta ukabila, vilianza kwa sababu ndogo na ya heshima, yaani hofu ya kuzikwa kama mbwa.

Jambo jingine lilikuwa michezo. Baada ya vita, vyama vya ngoma ya beni vilivyoitwa Marini na Arinoti vilishindana kwa magwanda, vyeo na bendi, na katika Dar es Salaam Arinoti ilipendwa hasa na watu wa bara, wale ambao wenyeji waliwaita washamba. Kisha ikaja mipira. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka 1936 wakajitenga waliounda timu ambayo baadaye iliitwa Sunderland na tangu 1971 ikaitwa Simba, yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi. Watu wazima hucheka wakisikia historia ya mipira ikiandikwa pamoja na historia ya taifa. Lakini hebu tufikiri: kabla ya timu, mtu wa Kariakoo aligombana na mwenzake kwa kabila lake. Baada ya timu, Mzaramo na Mmanyema waliweza kuwa upande mmoja na kuwazomea Mzaramo na Mmanyema wa upande wa pili.

Siasa nayo ilitokea barazani humo humo. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa mwaka 1929, na wanachama wake wakajenga jengo lao kwa kujitolea katika Mtaa ambao leo waitwa Lumumba. Katika jengo hilo, tarehe 7 Julai 1954, ndipo TANU ilipozaliwa. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, hakuwa na nyumba ya serikali wala mshahara. Watu wa Kariakoo ndio waliompokea, akakaa na jamaa ya akina Sykes kabla ya kupata nyumba yake Magomeni, ambayo leo ni makumbusho. Chama kilichotaka kuunganisha makabila yote ya Tanganyika hakikuanzia mahali pasipojua mchanganyiko. Kilianzia katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na makabila sita katika vyumba sita.

Na hapa hatuwezi kumpita mtu wa kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi aliyetufundisha sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam katika siku zile za kuingia uhuru. Alifariki mwaka 1964 akiwa Waziri, bado kijana wa miaka arobaini. Sisi tunaotunga mashairi baada ya kazi za ofisi humkumbuka kila tunapoambiwa kwamba mshairi hawezi kuendesha mambo ya mifereji na taka. Yeye aliweza vyote, na vina vyake havikupungua mizani.

Uhuru ulipopatikana, suala la nyumba lilikuwa kubwa. Mji ulikuwa na watu 128,742 kwa hesabu ya mwaka 1957, na kufikia hesabu ya 1967 walikuwa 272,821. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likaanza kazi ya kubomoa nyumba mbovu na kujenga nyingine za saruji, Magomeni na kwingineko. Jambo la busara ni kwamba nyingi katika nyumba hizo mpya zilifuata mpango ule ule wa zamani: ukumbi katikati, vyumba pembeni, ua nyuma. Wakati huo nchi jirani na za mbali zilikuwa zikiwaingiza maskini katika maghorofa wasiyoyataka. Lakini gharama zilikuwa kubwa na fedha chache, na kwa kila nyumba moja iliyojengwa, watu walijijengea nyingi zaidi Manzese na Buguruni bila ya kungoja kupimiwa. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 serikali iligeuka, ikaacha kubomoa, ikaanza kupima viwanja na kupeleka maji na barabara, kama ilivyofanyika Sinza na Kijitonyama.

Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa Sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya umma. Shabaha yake ilikuwa kuondoa unyonyaji wa kodi za nyumba, na wapangaji wengi walipata nafuu. Hata hivyo historia haisomwi kwa jicho moja. Wengi wa waliopoteza nyumba walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na si wote waliokuwa makabaila. Walikuwamo waliojenga orofa moja kwa akiba ya duka la vizazi viwili. Wengi waliondoka nchini, na Kariakoo ikapoteza majirani ambao watoto wao walikuwa wamecheza gololi na watoto wa uani. Nayo majengo, yakiwa hayana tena mtu aliyeyaita yangu, mengi yalivuja kwa miaka.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyotupa soko jipya. Lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika ya Mashariki, nalo likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975. Paa lake ni miamvuli mikubwa ya zege iliyoinua vikombe vyake juu ili kupokea maji ya mvua, na chini yake wafanyabiashara hukaa kama watu wa kijijini waliojikinga chini ya miti. Tulipoliona mara ya kwanza tulidhani ni uyoga. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo lilishika moto. Watu waliolia asubuhi yake hawakuwa wenye mali tu.

Sisi tulifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa treni, tukiwa na barua ya kuanza kazi na anwani ya mtu mmoja wa Kasulu. Mtu huyo alikuwa amehama. Mama mwenye nyumba, Mzaramo mzee aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele, hakutuuliza dini wala chama. Alisema, "Mwanangu, aliyekuleta kaondoka, lakini mlango haujaondoka. Weka mzigo." Tukapewa chumba cha uani. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote: zamu ya kufagia ukumbi ilikwenda kwa mpango wa vyumba, mwenye mgonjwa aliruka zamu, mpangaji wa chumba cha mbele hakuruhusiwa kufunga dirisha kukiwa na msiba mtaani, na ugomvi wa mume na mke uliovuka saa nne ya usiku ulikuwa mali ya nyumba nzima. Balozi wa nyumba kumi alikaa nyumba ya tatu, lakini kesi nyingi hazikumfikia. Ziliishia uani, baina ya jiko na kamba ya nguo. Tuliishi humo miaka sita, na tulijifunza humo maneno ya Kiswahili ambayo shule ya sekondari haikutufundisha, mengine yasiyofaa kuandikwa hapa.

Tangu biashara ilipofunguliwa, thamani ya viwanja vya Kariakoo ilipanda kuliko hesabu ya mtu wa kawaida. Nyumba za vyumba sita zikaanza kuanguka, moja baada ya moja, na mahali pake yakapanda maghorofa ya maduka chini na stoo juu. Mara nyingi mambo huwa hivi: mwenye nyumba hufa, warithi ni wengi, kiwanja ni kimoja. Anakuja mwenye mtaji, anaahidi kujenga ghorofa kwa ubia na kuwaachia warithi sehemu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na ile ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo zimerahisisha mambo hayo. Hatusemi kwamba ni vibaya. Warithi wa yule mpagazi aliyenyimwa hati ndefu, leo wanayo hati, tena ya mali nyingi. Kosa kubwa lingekuwa kuwataka wabaki katika udongo na madebe ili sisi tuje kutazama utamaduni.

Lakini mpangaji wa chumba cha uani hayumo katika mkataba huo. Hapewi sehemu wala notisi ndefu. Naye ndiye aliyekuwa nusu ya ujirani. Kisha kuna haraka. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo mchana kweupe, watu zaidi ya 20 wakafariki. Waliofika kwanza kufukua kifusi walikuwa wachuuzi na wachukuzi wa mikokoteni wa mtaa ule, kwa mikono. Mtaa ambao mara nyingi tumesikia ukisemwa kwamba umekuwa soko tupu, hauna tena majirani, siku ile ulikuwa nao.

Mfano mwingine uko Magomeni Kota, si mbali na hapo. Wakazi wa nyumba za zamani za serikali walitolewa, wakakaa miaka mingi wakipanga huku na huko, hadi mwezi Machi 2022 yalipofunguliwa maghorofa mapya kwa ajili ya kaya 644. Tulikwenda kumtembelea mzee mmoja tunayemfahamu huko. Anakaa juu, nyumba ni safi, maji yanatoka, choo ni chake peke yake, na alitueleza kwa fahari kwamba haombi tena zamu ya kuoga. Tukamwuliza, je, msiba ukitokea watu hukaa wapi? Akacheka, akasema hilo lilikuwa jambo la kwanza walilozungumza wakazi waliporudi. Kisha akatupeleka chini kutuonyesha. Pembeni mwa ngazi, mahali ambapo mchoro bila shaka ulikusudia watu wapite tu, palikuwa na benchi mbili za mbao na bao lililochakaa, na wazee watatu wakicheza. Mmoja alituuliza kwetu ni wapi. Tulipotaja Kasulu, akasogea kidogo kutupa nafasi, akasema mke wake wa kwanza alikuwa Mmanyema wa Ujiji, kwa hiyo sisi ni shemeji zake, na tumlipie kahawa.